Mshahara wa laini ya kuku ulipangwa wapi

Ile barua ya fedha za kesi ya viwanda vya kuku, ambayo wengi mnaniuliza kama ni utapeli, ni ya kweli. Nimeshalijibu swali hili kanisani, kwa simu, na kwenye maegesho ya duka la vyakula, sasa naliandika ili kila mmoja alisome kwa nafasi yake. Kama uliwahi kufanya kazi kwenye kiwanda cha kuku hapa Marekani kati ya Januari 2000 na Julai 2021, ukapata barua inayosema kuna fedha za kesi ambazo huenda una haki nazo, usiitupe. Akikupigia mtu akitaka umtumie kwanza dola 50 ili akufuatilie malipo hayo, huyo ni tapeli, mkatie simu. Lakini kesi ipo. Ilifunguliwa Agosti 2019 kwenye mahakama ya shirikisho kule Maryland, na kampuni zilizoshtakiwa zilikubali kulipa jumla ya karibu dola milioni 398.

Aliyenifanya nikae niandike ni jirani yangu, mama wa kutoka Fizi, Kongo, aliyekuwa ameihifadhi barua yake ndani ya Biblia. Nilipomaliza kumsomea alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Sasa dada, wanatulipa kwa kosa gani? Mimi mshahara wangu walinipa wote."

Ni kweli walimpa wote. Saa zake zililipwa na ovataimu yake ililipwa. Kosa linalozungumzwa kwenye kesi halipo kwenye karatasi ya mshahara, kwa sababu linadaiwa kutendeka kabla karatasi haijachapishwa, pale kiwango chenyewe kilipokuwa kinapangwa. Ndiyo maana ni vigumu kuliona hata ukiwa ndani yake miaka yote.

Kwa ambao hawajawahi kuingia humo: kuku anakufikia akiwa ameshanyonyolewa na kupozwa, amevikwa kwenye koni inayotembea. Una sekunde chache za kukata bega, kuvuta kifua na kupitisha kisu kwenye mfupa kabla koni haijafika kwa mwenzako. Chumba kinawekwa baridi makusudi ili nyama isiharibike. Mkono mmoja umevaa glavu ya nyuzi za chuma, mwingine umeshika kisu, na masikio yameziba kwa ajili ya kelele. Baada ya muda vidole vinaanza kugoma kufunguka asubuhi, unavimwagia maji ya moto ndipo uweze kushika sufuria ya chai. Niliifanya kazi hiyo kwa miaka, huku Bonde la Shenandoah, Virginia, kabla sijawa mkalimani wa hospitali. Sasa vidole vile vile naviona nikiwa upande wa daktari, nikimfasiria mtu asiyejua amwambie daktari maumivu yalianza lini, maana hayakuanza siku moja.

Kwenye breki ya usiku habari kubwa ilikuwa moja: kiwanda gani kinalipa vizuri zaidi. Mtu akisikia kwamba kingine kimeongeza kidogo, wenye magari walikwenda kujaza fomu. Walirudi wakisema ni yale yale, tofauti ya senti. Basi tukaamini kwamba kazi ya kuku ina bei yake, na bei hiyo imetoka mbinguni.

Madai ya kesi ni kwamba haikutoka mbinguni. Kwa mujibu wa wafanyakazi walioshtaki, na baadaye Wizara ya Sheria ya Marekani, kampuni kubwa za kuku zilipashana habari za mishahara na marupurupu ya watu wa viwandani kwa miaka mingi. Zilijaza dodoso la kampuni ya ushauri wa malipo, kisha wakuu wao wakakutana, pamoja na kwingineko, kwenye hoteli ya ufukweni Destin, Florida, kuyajadili majibu. Habari hizo hazikuwa za mwaka uliopita peke yake. Zilikuwamo hata nyongeza ambazo zilikuwa bado zinapangwa. Julai 2022 Wizara ya Sheria ilifungua kesi yake dhidi ya Cargill, Sanderson Farms na Wayne Farms, pamoja na hao washauri. Ikaisha kwa mapatano: kampuni hizo tatu zitoe dola milioni 84.8 kwa wafanyakazi, ziache kupashana habari za mishahara, na zikae chini ya uangalizi wa msimamizi wa mahakama kwa miaka 10. Kampuni zilizolipa kwa mapatano hazikukiri kosa, na ni haki kulisema hilo. Lakini fedha zimetoka.

Baba yangu alikuwa mvuvi wa dagaa kwenye ziwa Tanganyika, upande wa Baraka. Mitumbwi ikirudi alfajiri, wanunuzi wanakuwa wameshasimama mwaloni, kila mmoja na mabeseni yake na pesa yake. Siku njema wanashindana, huyu anataja bei na yule anaongeza ili asikose mzigo. Siku nyingine mvuvi anatoka kwa huyu kwenda kwa yule na kukuta bei ni moja, wote wamesimama wametulia, hakuna mwenye haraka. Jua likipanda dagaa wataharibika, kwa hiyo anauza. Hakuna aliyemwibia hata dagaa mmoja, ila wanunuzi walikwishaonana usiku. Mfanyakazi wa laini ni yule mvuvi, tena amebanwa zaidi, maana dagaa unaweza kuwaanika, lakini saa ya leo usipoiuza leo imekwenda.

Watu wengi wanadhani kwamba ili pawe na kosa lazima mabosi wakae mezani waseme, "Tusizidishe dola 14." Si lazima. Chukua viwanda viwili katika bonde moja. Bosi wa kwanza hajui wa pili atalipa ngapi mwaka ujao. Anaogopa kwamba akibaki kwenye 14 na mwenzake akipanda 15, shifti yake ya usiku itahamia kule yote, na kuku hawangojei. Kwa hiyo anapandisha. Hofu hiyo ya bosi ndiyo nyongeza ya mfanyakazi, na karibu hakuna nyingine, isipokuwa ya chama cha wafanyakazi. Sasa mletee bosi jedwali linaloonyesha kila mwenzake analipa nini na anapanga nini. Hofu imekwisha, na nyongeza imekwisha nayo, bila mtu kutamka neno lolote la njama. Mwaka 2001 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliyoko New York ililiona hili kwenye kesi ya kampuni 14 za mafuta zilizodaiwa kupashana habari za mishahara ya mameneja na wataalamu wao. Aliyeandika uamuzi ni Sonia Sotomayor, kabla hajapanda Mahakama ya Juu, na alisema madai ya kupashana habari yanatosha kesi kusikilizwa.

Kinachoniuma ni kwamba serikali yenyewe iliacha mlango wazi. Kulikuwa na miongozo ya miaka ya 1990, iliyoandikwa kwanza kwa ajili ya hospitali, ikisema hutaguswa ukitimiza masharti machache: takwimu zikusanywe na mtu wa tatu, ziwe na umri wa zaidi ya miezi 3, zitoke kwa washiriki wasiopungua 5, na pasiwe na mmoja anayebeba zaidi ya asilimia 25 ya takwimu hizo. Sekta nyingine nazo zikaanza kujikinga kwa masharti hayo. Fikiria, miezi 3! Kiwandani mshahara hubadilika mara moja kwa mwaka, kwa hiyo habari ya miezi 3 ni habari ya leo. Februari 2023 Wizara ya Sheria ilijiondoa kwenye miongozo hiyo, na mimi nasema ilichelewa mno.

Sasa turudi kwa swali la jirani yangu, kwa sababu lina swali kubwa nyuma yake: sheria hii ya kulinda ushindani wa biashara ilitungwa kwa ajili ya nani? Ukiwauliza wanasheria wengi waliosoma miaka 40 iliyopita, watakujibu kwamba ni ya mnunuzi. Kama bei dukani haikupanda, hakuna aliyeumia. Jibu hilo limetufanya tusionekane.

Sheria mama ni ya 1890, inaitwa kwa jina la Seneta John Sherman wa Ohio. Inakataza mapatano ya kuzuia biashara, na inakataza kuhodhi soko. Haimtaji mnunuzi wala haimtaji mfanyakazi. Na jambo ambalo wenzetu wengi hawalijui ni kwamba katika miaka yake ya mwanzo iliwapiga wafanyakazi vibaya sana. Danbury, Connecticut, ulikuwa mji wa watengeneza kofia. Chama chao kiliwaomba watu nchi nzima wasinunue kofia za kiwanda kimoja kilichokataa kukitambua chama. Mwenye kiwanda alishtaki kwa sheria ya Sherman, na mwaka 1908 Mahakama ya Juu ikasema ndiyo, mgomo wa namna hiyo ni njama ya kuzuia biashara. Fidia ilizidishwa mara 3, kama sheria inavyotaka, ikapita dola 250,000, na nyumba na akiba za wanachama wa kawaida zilishikiliwa kwa ajili ya deni hilo. Watu waliotengeneza kofia kwa mikono yao. Nikisoma habari ile nawaona wenzangu wa shifti ya usiku.

Bunge lilijaribu kurekebisha mwaka 1914 kwa sheria ya Clayton. Kifungu chake cha 6 kina sentensi ninayoipenda kuliko zote kwenye sheria za nchi hii: kazi ya binadamu si bidhaa wala si kitu cha biashara. Maana yake, vyama vya wafanyakazi visihesabiwe kuwa njama kwa sababu tu vipo.

Kuna wanaosema kwamba sentensi hiyo inatufunga. Kama kazi si bidhaa, basi mshahara si bei, na kupanga mishahara si kupanga bei. Sikubaliani nao kabisa. Mfanyakazi anaruhusiwa kuungana na mwenzake kwa sababu yeye ni mtu, peke yake ni dhaifu, na hana kingine cha kuuza isipokuwa nguvu za mwili wake. Kampuni tano zikiungana dhidi yake hazina udhaifu wa kuzitetea. Sheria inayomruhusu wa kwanza na kuwakataza wa pili haijipingi hata kidogo, inajua nani amebeba nini.

Na si kwamba mahakama hazikujua. Mwaka 1948 wakulima wa viazisukari kule California walifika Mahakama ya Juu wakidai kwamba wenye viwanda vitatu vya sukari walipatana kuwalipa bei moja. Wakulima wale hawakuwa wanunuzi wa sukari, walikuwa wauzaji wa mazao. Mahakama ikasema sheria haiwalindi wanunuzi peke yao. Inamlinda kila anayeumizwa na tendo linalokatazwa, awe muuzaji au mnunuzi. Hapo ilikuwa imeshamalizika, mtu angedhani. Kisha mwaka 1978 mwanasheria Robert Bork akatoa kitabu kilichodai kwamba lengo halali la sheria hizi ni moja tu, ustawi wa mlaji, na kuanzia miaka ya 1980 maofisa na majaji wengi wakaifuata njia hiyo. Mfanyakazi hakufutwa kwenye sheria. Aliachwa tu, hakuna aliyemtazama.

Mfano wa karibuni wa kutazamwa upya unahusu waandishi wa vitabu. Mwaka 2022 mahakama ya Washington ilizuia Penguin Random House isiinunue Simon & Schuster kwa zaidi ya dola bilioni 2. Sababu haikuwa bei ya kitabu dukani. Sababu ilikuwa waandishi, hasa wale wanaopewa malipo ya awali ya dola 250,000 na kuendelea, ambao wangebaki na wachapishaji wachache wa kugombea miswada yao. Nilifurahi niliposoma. Kama mwandishi wa dola 250,000 anastahili wanunuzi wanaoshindana, basi na anayelipwa kwa saa anastahili, tena yeye kwanza.

Wapo watakaoniambia: dada, mishahara ikibanwa kuku anakuwa rahisi, na ninyi pia mnakula kuku. Hoja hii naisikia hata kwa watu wetu. Kwanza, haiendi hivyo. Bosi anayebana mshahara kwa kukosa ushindani hupata watu wachache kuliko ambao angewapata kwa mshahara wa haki, maana wengine wanaona bora wakae nyumbani na watoto au wahamie mji mwingine. Watu wachache, kuku wachache, na kuku wachache hawashushi bei. Pili, tazama yaliyotokea kwenye sekta hii hii. Mwaka 2021 Pilgrim's Pride ilikiri mahakamani kosa la kula njama kuhusu bei za kuku na ikatozwa faini ya zaidi ya dola milioni 107. Viongozi kadhaa wa sekta walioshtakiwa binafsi baadaye waliachiwa huru na baraza la mahakama, yaani jopo la raia wanaoamua kesi, sawa, lakini kampuni ilikiri. Na ilikuwa pia miongoni mwa zilizoshtakiwa kwenye kesi ya mishahara, ambayo iliimaliza kwa mapatano ya dola milioni 29 bila kukiri. Mama yule wa Fizi ndiye anayekata kuku usiku, na Jumamosi ndiye anayemnunua. Hakuna njia ya kumgawa mara mbili, mlaji huku na mfanyakazi kule, kisha useme umelinda nusu yake.

Sitaki kuwadanganya kwamba mambo yameshanyooka. Dola milioni 398 ni nyingi kuzitamka, lakini zikitolewa gharama za mawakili, kisha zikagawanywa kwa mamia ya maelfu ya watu waliopita kwenye viwanda hivyo kwa miaka 20, kinachomfikia mmoja ni cha kulipia bili. Wengi waliostahili wamehama mara nyingi, barua zinakwenda kwenye nyumba walizotoka zamani. Kanuni ya Tume ya Biashara ya Shirikisho ya kupiga marufuku mikataba inayomzuia mfanyakazi kwenda kwa mshindani ilipitishwa Aprili 2024, jaji wa Texas akaibatilisha Agosti mwaka huo huo, na Septemba 2025 tume ikaacha kuitetea. Upande wa jinai, ilichukua mpaka Aprili 2025 kwa baraza la mahakama kumtia mtu hatiani kwa kupanga mishahara, kule Las Vegas, ambako waliopunjwa walikuwa wauguzi wa majumbani. Miaka 135 baada ya Sherman.

Na kuna jambo ambalo hakuna hakimu atakayelimaliza. Kwa wengi wetu hata viwanda viwili ni kimoja. Asiye na gari anakwenda pale ambapo gari la pamoja linakwenda. Mwenye mtoto mchanga anachukua shifti inayopishana na ya mumewe. Aliyetoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu mwaka jana, Kiingereza bado hakijakaa mdomoni, anafuata kiwanda chenye supavaiza anayejua maneno mawili ya Kiswahili. Wachumi wanaposema soko la ajira la bonde lina waajiri kadhaa, wahesabu na hayo.

Lakini kuna haki moja ambayo ni ya leo, haingoji kesi. Kwenye laini nyingi nimesikia supavaiza akisema ni marufuku kuulizana mshahara. Si marufuku. Sheria ya mahusiano ya kazi ya 1935 inawapa wafanyakazi wa sekta binafsi, na sisi wa viwandani tumo, haki ya kuzungumza wao kwa wao kuhusu malipo yao, wenye chama na wasio na chama, wenye kadi ya kijani na wasio nayo. Mahakama ya Juu mwaka 1996 ilikubali kwamba hata vijana wanaoajiriwa na kampuni kukamata kuku mabandani wamo ndani ya ulinzi huo, si vibarua wa shamba. Kwa hiyo kupashana habari za mishahara kunakoweza kuifikisha kampuni mahakamani, sisi tumeruhusiwa.

Tuitumie ruhusa hiyo. Mwambie mwenzako wa koni ya pili unalipwa ngapi, muulize yeye analipwa ngapi, na muulize shemeji yake wa kiwanda cha ng'ambo. Karatasi za mshahara msizitupe, hata za miaka ya nyuma. Mkihama, andikeni posta anwani mpya. Na mwenye barua asiyeielewa (tarehe ya mwisho imeandikwa humo humo) aje nayo baada ya ibada Jumapili, nakaa kwenye meza ya nyuma karibu na jikoni.